Taimingi ya Chevrolet 350 ya zamani: dalili, sababu na namna ya kuirekebisha

Chevrolet 350, ile V8 ya lita 5.7 iliyoanza kufungwa kwenye Camaro ya 1967, ina distributa moja (kifaa kinachogawa cheche kwa kila silinda kwa zamu) nyuma ya kabureta, nayo imeshikwa na bolti moja tu. Kuizungusha kunabadilisha taimingi, yaani wakati cheche inapopigwa. Kwa kuwa bolti hiyo inalegea kwa spana moja ya 9/16, distributa ndiyo huwa ya kwanza kuzungushwa kila gari linapoleta shida, hata pale shida ilipo kwingine kabisa. Mtu anazungusha kidogo, injini inasikika vizuri zaidi, anakaza. Wiki mbili baadaye inagonga kilimani.

Hapa tumepanga kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea mara nyingi inatangulia, na ukaguzi usiohitaji kufungua kitu unafanywa kwanza. Tunatumia neno kuwahi pale cheche inapopigwa mapema kabla pistoni haijafika kileleni, na kuchelewa pale inapopigwa karibu na kilele au baada yake. Mafuta hayaungui kwa mpigo mmoja, yanahitaji muda, ndiyo maana cheche lazima iwahi. Na kadiri injini inavyozunguka haraka, ndivyo inavyotakiwa kuwahi zaidi.

Kuna kazi moja ya kufanya kabla ya dalili yoyote.

Thibitisha sifuri

Namba unayoisoma kwa taa ya taimingi inategemea mstari uliochongwa kwenye dampa, yaani ile puli nzito ya mbele ya krenki. Dampa ni vyuma viwili: kitovu cha ndani na pete ya nje, na katikati yake kuna ukanda mwembamba wa mpira. Ukiutazama kwa tochi mpira wa dampa ya zamani, mara nyingi utaukuta umekauka na kupasukapasuka kama kisigino cha msimu wa kiangazi, na sehemu nyingine umetokeza nje. Mpira ukifika hapo, pete ya nje inateleza na mstari unahama nayo. Taa itakuambia digrii 10 na injini iko kwenye 20. Kila marekebisho utakayofanya baada ya hapo yamejengwa juu ya uongo.

Namna ya kuhakikisha ni hii. Toa waya hasi wa betri. Fungua plagi zote ili krenki izunguke kwa urahisi. Kwenye tundu la plagi namba 1 (silinda ya mbele, upande wa kushoto wa gari) funga kizuizi cha pistoni: ni bolti maalumu yenye nyuzi za plagi na ncha butu. Zungusha krenki taratibu kwa soketi mpaka pistoni iguse kizuizi, kisha chora alama kwenye dampa mkabala na sifuri ya kibati (bamba dogo lenye namba za digrii, mbele ya injini karibu na dampa). Zungusha upande wa pili mpaka iguse tena, chora alama ya pili. Kilele halisi kiko katikati kabisa ya alama hizo mbili. Kama mstari wa kiwandani haupo hapo, dampa imeteleza au si jozi ya kibati hicho.

Onyo: usiguse starta kizuizi kikiwa ndani. Kitatoboa pistoni.

Hilo la jozi linasumbua watu wengi. Chevrolet ilibadilisha nafasi ya mstari kwenye dampa za injini hizi mwaka 1969. Ukichanganya dampa ya kabla ya hapo na kibati cha baadaye, unapata kosa la kama digrii 8 bila kitu chochote kuharibika. Dampa iliyoteleza ibadilishwe. Kuchora mstari mpya juu yake hakusaidii, kwa sababu itateleza tena, na pete ikichomoka injini ikiwa kasi inapasua radieta na kumjeruhi aliye karibu.

Sifuri ikishakuwa sahihi, weka alama ya digrii 34 kwenye dampa. Kwenye dampa ya kipenyo cha inchi 6.75, pima milimita 51 kwa utepe unaofuata mviringo. Kwenye ile ya inchi 8, pima milimita 60. Ukiwa umesimama mbele ya gari, pima kutoka mstari wa sifuri kufuata mwendo wa saa. Paka rangi nyeupe.

Kuseti kwenyewe

Kama distributa yako bado ni ya pointi (mafundi wengi husema platini, vile viungo vinavyofunguka na kufunga umeme wa koili), seti pointi kwanza, taimingi baadaye. Usigeuze mpangilio huu. Pointi mpya za Delco (chapa ya distributa za Chevrolet hizi) zinataka uwazi wa inchi 0.019, zilizotumika inchi 0.016. Kipimo bora zaidi ni pembe ya kufunga, yaani dweli: digrii 30, na chochote kati ya 28 na 32 kinakubalika. Kepu ya Delco (kifuniko cha distributa) ina kidirisha cha chuma kinachoinuliwa, unaingiza ufunguo wa Allen wa inchi 1/8 na kurekebisha injini ikiwa inanguruma. Ukikosa kipimo cha dweli, kaza kufuata mwendo wa saa mpaka injini ianze kumisi, kisha rudisha nusu mzunguko. Ukibadilisha dweli kwa digrii moja, taimingi nayo inahama kama digrii moja. Aliyeseti taimingi kwanza ameipoteza papo hapo.

Pasha injini moto mpaka joto lake la kawaida. Chomoa mpira wa vakyumu wa distributa (unaopeleka mvuto wa hewa wa injini kwenye kopo la pembeni mwa distributa, ambalo huwahisha cheche) na uuzibe. Shusha sailensa (mngurumo wa injini bila kukanyagwa) chini ya mizunguko 800 kwa dakika ili vizani vya ndani (vyuma vidogo vinavyofunguka kadiri kasi inavyopanda na kuwahisha cheche) visianze kufunguka. Legeza bolti ya distributa kiasi cha kuweza kuizungusha kwa mkono kwa nguvu kidogo. Rota ya Chevrolet (kipande kinachozunguka ndani ya distributa na kupeleka cheche kwenye kila waya) inazunguka kufuata mwendo wa saa, kwa hiyo ukiizungusha distributa kinyume cha saa unaiwahisha cheche, ukifuata saa unaichelewesha.

Sasa panda taratibu mpaka mizunguko 3000 huku ukimulika dampa. Mstari utasogea, utasogea, halafu utasimama hata ukiongeza mafuta. Hapo vizani vimefunguka vyote, na namba hiyo ndiyo taimingi ya jumla. Kwa 350 yenye vichwa vya chuma vya enzi zile, seti 34. Injini nyingi zinafurahia 34 hadi 36. Anzia 32 kama hujui kilichomo ndani. Kaza bolti, rudi kwenye sailensa, soma taimingi ya mwanzo. Iwe kati ya 10 na 14.

Vitabu vya kiwanda vya miaka ile vinatoa namba ya mwanzo pekee, mara nyingine digrii 4 tu, kwa sababu ya sheria za moshi. Sisi tunashikilia namba ya jumla, maana hiyo ndiyo inayopasua pistoni au kuiacha salama. Ukikuta jumla ni 34 lakini mwanzo ni 4, vizani vyako vinaongeza digrii 30. Ni nyingi mno. Dawa ni kuwekea kikomo ndani ya distributa ili viongeze 20 hadi 24, si kuvumilia mwanzo wa 4.

Fanya kazi hii nje au mlango ukiwa wazi, kwa sababu moshi wa ekzosi unaua bila kuonekana. Gari liwe kwenye Park na handibreki imevutwa. Taa ya taimingi inafanya feni ionekane kama imesimama, haijasimama. Usisimame mstari mmoja na mapanga yake, na usivae kitambaa kinachoning'inia.

## Injini haiwaki kabisa, au inakohoa kupitia kabureta

Karibu kila mara dalili hii inatokea baada ya mtu kutoa distributa na kuirudisha.

Anza na mpangilio wa waya. Ni 1-8-4-3-6-5-7-2, kufuata mwendo wa saa. Silinda za namba shufwa ziko kulia kwa dereva, za witiri ziko kushoto, 1 na 2 zikiwa mbele. Usisome namba kwenye kepu. Fuata waya kwa kidole kutoka plagi hadi kepu.

Waya zikiwa sawa, distributa inaweza kuwa imeingia ikiwa imegeuka nusu duara. Krenki huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa distributa, kwa hiyo mstari wa sifuri unalingana na kibati mara mbili: mara moja silinda 1 ikiwa imebana, mara nyingine silinda 6 ndiyo imebana. Toa plagi ya kwanza, ziba tundu kwa kidole, mwenzako azungushe krenki kwa soketi. Hewa ikisukuma kidole na mstari ukifika sifuri, rota lazima ielekee waya namba 1. Ikielekea namba 6, toa distributa na uigeuze.

Ikiwa inawaka kwa shida, na ukitaka kuwahisha zaidi kopo la vakyumu linagonga ukuta wa nyuma au manifoldi, umekosea jino moja la gia. Gia hiyo ina meno 13, hivyo jino moja ni kama digrii 55 za krenki. Huwezi kulifidia kosa hilo kwa kuzungusha.

Distributa ikigoma kushuka sentimita ya mwisho, usiigonge wala usiivute chini kwa bolti. Ncha yake ya chini inatakiwa kuingia kwenye fito la pampu ya oili, na mkato haujalingana. Ingiza bisibisi ndefu bapa, geuza fito kidogo, jaribu tena. Ukiilazimisha unavunja fito, na injini itawaka bila presha ya oili.

Mwisho angalia pointi kama zinafunguka kweli, na kondensa kama haijashoti.

Simama hapa: injini ikilipuka kwenye kabureta mara tatu au nne mfululizo, acha kupiga starta. Petroli imejaa kwenye manifoldi. Weka kifuniko cha kichujio cha hewa mahali pake na kizimamoto kiwe mkononi kabla ya kuendelea.

## Inawaka ufunguo ukiwa kwenye starta, ukiuachia inazima

Hii si taimingi, ila wengi huzungusha distributa kuitafuta. Wakati wa kupiga starta koili inapata volti kamili za betri kwa njia yake. Ukiachia ufunguo, umeme unapita kwenye waya wenye ukinzani. Waya huo umekatika, au kwenye magari ya Chrysler ile rizista nyeupe ya kauri kwenye ukuta wa injini imeungua. Pima volti kwenye upande chanya wa koili ufunguo ukiwa umefunguliwa: ukikuta sifuri, umefika.

Kinyume chake pia kipo. Aliyebadilisha pointi na kufunga distributa ya HEI, ile ya kielektroniki iliyokuwa ya kawaida kwa General Motors kuanzia 1975, akaiunganisha na waya ule ule wa ukinzani, ataona gari linawaka vizuri ila linamisi likipanda kasi. HEI inataka volti 12 kamili.

## Starta inashindwa injini ikiwa moto

Asubuhi inawaka mara moja. Ukisimama kituo cha mafuta dakika kumi, starta inaguna, inasimama, inaguna tena.

Kipimo hiki kinamaliza ubishi kwa nusu dakika: chomoa umeme unaoingia kwenye koili, kisha piga starta injini ikiwa bado moto. Ikizunguka huru, cheche inawahi mno, inapiga pistoni ikiwa bado inapanda na kuirudisha chini. Punguza taimingi ya mwanzo digrii 2 kwa wakati, na ili usipoteze namba ya jumla, vizani viongeze zaidi kwa kiasi hicho hicho. Ikizunguka kwa shida vile vile, distributa haina kosa. Safisha vichwa vya betri, kagua waya wa ardhi kati ya bloku na bodi, halafu tazama starta yenyewe: inakaa karibu sana na bomba la ekzosi na joto linaidhoofisha. Ngao ya joto inasaidia.

Kupiga starta kwa nguvu dhidi ya cheche inayowahi kunavunja pua ya alumini ya starta. Ukisikia mlio wa chuma kupasuka, usijaribu mara nyingine.

## Inagonga

Sauti yake ni kama kokoto kavu zinazotikiswa ndani ya kopo. Kati ya dalili zote, hii ndiyo ya kuharakia. Kila kugonga ni mlipuko unaopiga kichwa cha pistoni kwa nyundo.

Jiulize kwanza inagonga lini, kwa sababu jibu linakupeleka mahali tofauti.

*Inagonga ukikanyaga mafuta yote, hasa mlimani.* Wakati huo vakyumu imeisha, kopo la distributa halifanyi kazi, na kinachobaki ni mwanzo jumlisha vizani. Kwa hiyo taimingi ya jumla ni kubwa, au inafika mapema mno. Rudi kwenye alama ya 34 na upime. Ikisoma sawa na bado inagonga, shuka hadi 32. Kisha tazama springi za vizani: kuna vifurushi vinauzwa vyenye springi nyepesi sana, na mtu akizifunga, digrii zote zinaingia kwenye mizunguko 1800. Injini nzito yenye giaboksi ya otomatiki haivumilii hivyo. Ziingie zote kati ya 2800 na 3000.

*Inagonga ukiwa barabarani mwendo wa kawaida, mguu ukiwa mwepesi.* Hapa kopo la vakyumu ndilo linaloongeza kupita kiasi. Mwanzo, vizani na vakyumu kwa pamoja visizidi kama 50. Chomoa mpira wa vakyumu, uuzibe, endesha njia ile ile. Kugonga kukikoma, tafuta kopo linaloongeza digrii 10 hadi 12 badala ya 16 au 20, au lenye skrubu ya kupunguza. Usiache mpira umechomolewa moja kwa moja: utalipa kwa mafuta na kwa joto.

*Inagonga kila mahali.* Fikiria petroli. Camaro SS ya 1969 yenye 350 ilitoka na mbano wa 10.25 kwa 1, na LT-1 ya 1970, toleo la 350 lenye nguvu zaidi, ilikuwa 11 kwa 1. Mwaka uliofuata General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, ilishusha mbano wa injini zake, na LT-1 ikawa 9 kwa 1. Injini ya mbano mkubwa ya kabla ya 1971 iliundwa kwa petroli ambayo pampu nyingi hazina tena. Na tahadhari kwa walio Muscat au Dubai wanaosoma vitabu vya Marekani: namba ya pampu (okteni, yaani uwezo wa petroli kuvumilia mbano bila kugonga) ya Marekani ni wastani wa vipimo viwili, nayo ya Ghuba ni RON peke yake, kimoja kati ya hivyo viwili na ndicho kikubwa. Kitabu kikisema 91, tafuta 95. Ukiweka 91 ya Oman kwenye injini ya mbano wa 10 na zaidi, itagonga hata ukiiseti kwa mikono ya malaika.

Mwinuko nao unahusika. Injini iliyosetiwa Denver, mita 1,600 juu ya bahari, inaweza kuwa kimya kabisa pale na kugonga ikishuka pwani ambako hewa ni nzito.

Baada ya hayo yote, kagua mchanganyiko wa kabureta kama ni mkavu (hewa nyingi, petroli kidogo), hewa inayovuja kwenye gaskiti ya manifoldi, joto la maji, na kaboni iliyoganda kwenye vichwa.

Kisha toa plagi zote nane uzisome kwa kioo cha kukuzia. Kauri nyeupe safi ni joto. Vidoadoa vyeusi kama pilipili manga ni kugonga kulikoanza. Ukiona vipunje vidogo vinavyong'aa kama fedha vimenata kwenye kauri, hivyo ni alumini, na alumini hiyo imetoka kwenye pistoni. Zima injini, usiwashe tena. Peleka kwa fundi wa injini apime mbano na uvujaji wa kila silinda kabla hujafikiria taimingi.

## Ni mvivu, na inachemsha kwenye foleni

Gari linakanyagwa, linafikiria, ndipo linaondoka. Likisimama kwenye taa, mkono wa joto unapanda, likikimbia unashuka. Watu hubadilisha radieta, hubadilisha pampu ya maji, na mkono bado unapanda. Cheche ikichelewa, mafuta yanakuwa bado yanaungua valvu ya ekzosi inapofunguka, na joto lote hilo linapita kwenye kuta zenye maji. Usiku, mabomba ya ekzosi huonekana mekundu.

Kwa distributa ya pointi, sababu ya kwanza ni kile kipande kidogo cha plastiki ngumu kinachosuguana na kemu ya distributa. Kikilika, uwazi unafunga, dweli inapanda, taimingi inachelewa yenyewe bila mtu kugusa bolti. Paka grisi ya pointi kiasi cha kichwa cha kiberiti kwenye kemu, isizidi hapo, maana ikirukia pointi zinaungua.

Ya pili ni vakyumu. Mpira umepasuka, au ngozi ya ndani ya kopo imetoboka. Fungua kepu, vuta hewa kwa mdomo kupitia mpira safi: sahani ya pointi iende, na ukiziba kwa ulimi ibaki pale pale. Ikirudi, kopo limekufa. Angalia pia mpira umefungwa wapi. Tundu la juu ya kipepeo cha kabureta (kile kinachofunguka unapokanyaga mafuta) halina vakyumu kwenye sailensa. Tundu la manifoldi linayo muda wote. Magari ya kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 mara nyingi yalinyimwa vakyumu kwenye sailensa kwa ajili ya moshi, na kwa gari linalochemsha kwenye foleni, kuhamishia mpira kwenye tundu la manifoldi hushusha joto waziwazi. Ukishahamisha, seti sailensa upya, kwa sababu itapanda.

Halafu vizani. Chini ya rota ya Delco viko wazi mbele ya macho: zungusha rota kwa mkono kufuata mwendo wa saa na uiachie. Irudi yenyewe kwa kuruka. Ikirudi polepole au ibaki njiani, kutu na grisi iliyoganda vimeibana. Vua springi, safisha, weka oili nyepesi.

Ya mwisho, na ya gharama, ni cheni ya taimingi. Zungusha krenki kwa soketi upande mmoja mpaka rota ianze kusogea, weka alama, kisha zungusha upande wa pili na uhesabu digrii kabla rota haijafuata. Digrii 5 si neno. Zikizidi 10, cheni imechoka. Injini nyingi za enzi hiyo zilitoka kiwandani na gia ya kemu ya alumini yenye meno yaliyovikwa nailoni ili isipige kelele. Nailoni hiyo inazeeka, inakuwa ngumu kama pipi, inavunjika vipande, vipande vinaangukia kwenye sampu na kuziba chujio la pampu ya oili. Ukivikuta kwenye oili unayomwaga, usiwashe injini tena mpaka cheni na gia zibadilishwe na sampu ifunguliwe. Kama hujawahi kufungua kava ya mbele ya injini, mpe fundi.

## Mstari unachezacheza chini ya taa

Unamulika na mstari hautulii, unaruka digrii 3 au 5. Shika kwanza distributa: bolti imekaza? Kibano cha taa kiko kwenye waya namba 1, mbali na waya nyingine? Ukitumia boksi la umeme linalopiga cheche nyingi kwa mpigo, taa yenye kitufe cha kupunguza digrii huchanganyikiwa. Iweke kwenye sifuri na usome kwa alama uliyochora.

Kisha toa kepu, shika ekseli ya distributa, isukume kushoto na kulia. Mchezo ukionekana kwa macho, bushi zimelika. Uwazi wa pointi unabadilika kila mzunguko, na hakuna kuseti kutakakodumu. Bushi mpya au distributa mpya ndiyo njia. Springi dhaifu nazo zinafanya vizani vianze kufunguka kwenye sailensa: ukitia gia, mizunguko inashuka, taimingi inashuka nayo, mizunguko inashuka zaidi, gari linazima.

Kwenye HEI, nyaya mbili nyembamba za pikapu (kihisi kinachochukua nafasi ya pointi) hupindwa kila vakyumu inapovuta. Baada ya miaka zinakatika ndani ya ganda, usione kwa nje. Pima ukinzani, uwe kati ya omu 500 na 1500, huku ukivuta kopo kwa mdomo. Sindano ikiruka, umeupata ugonjwa. Na moduli (kifaa cha kielektroniki kinachowasha na kuzima umeme wa koili) ikibadilishwa, chini yake lazima ipakwe ute wa silikoni wa kupitisha joto. Bila huo inaungua, mara nyingi ikisubiri gari lipate moto katikati ya safari.

## Inapiga risasi, au inaendelea kuguna ukishazima

Risasi kwenye kabureta wakati wa kukanyaga: angalia waya wa 5 na wa 7. Silinda hizo zimekaa jirani nyuma kushoto, na zinafuatana kuwaka. Waya zake zikilala sambamba na kugusana, cheche ya 5 inaambukiza waya wa 7 pistoni yake ikiwa njiani kupanda. Zitenganishe kwa vishikio, au zipishane mara moja kwa pembe. Kisha tazama ndani ya kepu kwa tochi: mstari mweusi mwembamba kama nywele kati ya ncha mbili ni njia ya umeme unaovuja. Risasi kwenye ekzosi unapoachia mafuta huelekea zaidi kwenye ekzosi inayovuja hewa au mchanganyiko mbaya kuliko kwenye taimingi.

Injini inayoguna baada ya ufunguo kuzimwa inalishwa na kipepeo kilichofunguliwa mno. Mtu alikuta taimingi ya mwanzo ni 4, sailensa ikawa chini, akakaza skrubu ya kabureta kuipandisha. Rudisha mwanzo kwenye 12, sailensa itapanda yenyewe, kisha legeza skrubu mpaka irudi kwenye 700 hivi.

## Kwa wenye injini nyingine

Namna ya kutafuta kosa ni ile ile, lakini usihamishe namba za waya kichwani. Ford 302 ya miaka hiyo inawaka 1-5-4-2-6-3-7-8, rota inazunguka kinyume cha saa, na silinda 1 iko mbele kulia. Waya za kutenganisha ni 7 na 8. Ford 351 Windsor ni 1-3-7-2-6-5-4-8. Chrysler 318, 340 na 360 zina mpangilio wa Chevrolet na zinafuata saa, ilhali 383, 440 na Hemi ya 426 zina mpangilio huo huo lakini rota inakwenda kinyume cha saa. Pontiac 400 nayo ni kinyume cha saa. Kwa hizi zote zinazokwenda kinyume, unawahisha kwa kuizungusha distributa kufuata mwendo wa saa.